Anayeendesha Hamezi

Kundi lao lilikuwa la watu wanne, na lilikuwa na sheria moja tu: anayeendesha hamezi.

Sheria hiyo aliitunga Mwalimu mwaka ule wa kwanza, walipoanza mtindo wao wa kufunga mahema juu ya gari kila shule zikifungwa na kwenda kuzunguka mashamba ya mizabibu. Asubuhi wanaonja mvinyo kiwanda kimoja, mchana wanakula kwenye mgahawa ambao Mpishi amesikia sifa zake, alasiri wanaonja tena, jioni wanapiga kambi popote wenyeji watakapowaruhusu. Mwalimu ndiye anayeshika orodha. Mpishi, ambaye kazi yake ni kupikia wagonjwa mia mbili wa hospitali chakula kisicho na chumvi, huko migahawani anakula kwa hasira, utadhani anadai haki yake. Kidoti anapiga soga mpaka bilauri yake inabaki nusu kila mara. Na anayeendesha ni Dereva.

Ndivyo walivyomwita, hata nyumbani jina lilishamganda. Miaka tisa alikuwa anaendesha ambulensi ya hospitali ileile anayopika Mpishi, na hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Pombe hakuipenda wala hakuichukia. Akipewa bilauri anafanya kama wanavyofanya waonjaji wenyewe: anavuta kidogo, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo. Kisha anasema "Mkali" au "Mtamu", basi. Maneno mengine ya mvinyo hakuyajua na hakuona yana faida gani.

Kidoti alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Jina alilipata kwa doa jeusi lililokuwa kidevuni pake. Wawili hao waliishi nyumba moja, chumba kwa chumba, na binti wa Dereva, mtoto wa miaka minne, walimlea pamoja kiasi kwamba akijikwaa hujui atamlilia nani. Safari hii walikuwa wamemwacha kwa bibi yake.

Yaliyowapata yalianza na dumu la maji. Ndiyo, dumu tu, wala si jambo la maana. Siku ya mwisho ya safari, jua likielekea kushuka, Mpishi alikiri kwamba amemaliza maji yote kuoshea sufuria.

"Bila chai mimi silali," Mwalimu alisema.

"Si utalala kwa mvinyo ulionao tumboni," Kidoti akamjibu.

Wakiwa bado wanabishana, Dereva alikuwa na simu sikioni. Kila jioni saa hiyo alimpigia binti yake.

"Mama, mbu ameniuma."

"Wapi?"

"Mkononi. Panawasha."

"Kesho nikirudi nitakupaka mate."

Katika nyumba ile mate ya mama yalikuwa dawa ya kila kitu. Kuumwa na mbu, kujigonga mlangoni, hata ndoto mbaya. Kidole gumba kinalambwa, kinapakwa, mtoto ananyamaza.

"Kesho kweli?"

"Kesho kweli. Kesho unalala na mama."

Alipokata simu ndipo wakaona kibao cha mbao kando ya barabara. Kimechorwa kishada cha zabibu na mshale, hakina jina. Mwalimu alifungua orodha yake, akapekua mbele, akapekua nyuma.

"Hakipo kwenye orodha."

"Orodha hainywi chai, Mwalimu," Kidoti alisema. Dereva akakata kona.

Walipita katikati ya mizabibu kwa muda mrefu kuliko walivyodhani. Mwisho wa njia palikuwa na nyumba ya mawe, ya ghorofa moja, na baraza pana. Barazani meza. Juu ya meza kitambaa cheupe na bilauri.

Bilauri nne.

"Wametusikia tunakuja," Mpishi alisema, na wote wakaona ni sawa, maana mtu akishachoka huona kila kitu ni sawa.

Mwanamke aliyetoka kuwapokea alikuwa wa makamo, amevaa aproni safi, mikono imeoshwa mpaka imechujuka. Aliwatazama mmoja mmoja, akimkazia kila mmoja macho mdomoni, si usoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Tunaomba maji tu, mama," Dereva alisema, akainua dumu.

"Maji yapo chini, ghalani. Kwanza mwonje. Watu hawapiti hapa hivi hivi."

Wakaonja. Mwalimu akafumba macho na kusema maneno yake ya kitabuni. Mpishi akameza yote mara moja, akaomba tena. Dereva akavuta, akazungusha, akatafuta ndoo kwa macho. Hapakuwa na ndoo. Palikuwa na chungu kidogo chenye mfuniko, kimefungwa shingoni kwa kitambaa. Yule mwanamke alikifunua na kumsogezea mdomoni.

Harufu iliyotoka humo Dereva aliijua. Miaka tisa ameinusa nyuma ya ambulensi. Ni harufu ya mdomo wa mgonjwa aliyelala siku tatu bila maji.

Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na sheria ni sheria. Akatema.

"Humezi?" yule mwanamke akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ndiye ninayeendesha."

"Wa kutema wamekuwa adimu siku hizi." Akafunika chungu, akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Haya, kateke maji yako. Mlango ule."

Ngazi za kushukia zilikuwa kumi na sita. Dereva alizihesabu bila kukusudia. Aliyezoea kubeba machela huhesabu ngazi hata akienda harusini. Chini kulikuwa na mapipa, safu kwa safu, makubwa kuliko gari lao. Baridi. Bomba lilikuwa ukutani, maji yakatoka vizuri, dumu likajaa. Akalibeba begani, akaanza kupanda.

Kumi na nne... kumi na tano... kumi na sita.

Kumi na saba.

Akasimama. Labda amekosea. Akaendelea. Ishirini, thelathini, pumzi zinamwisha. Ya arobaini na tatu haikuwa ngazi. Ilikuwa sakafu ya ghala, na bomba lilelile, na lile dimbwi dogo aliloliacha yeye mwenyewe wakati wa kuteka.

Akatua dumu. Akapanda tena, mbio, mikono mitupu. Akatokea palepale.

Hapo hofu ikamshika sawasawa. Akataka kumwita mdogo wake. Mdomo ulifunguka, lakini ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Akajaribu kumeza mate.

Hayakuwepo.

Si kwamba yalikuwa machache. Hayakuwepo kabisa.

Juu ya ukuta wa mbele kulikuwa na kidirisha chenye nondo tatu, usawa wa ardhi ya uani. Akapanda juu ya kreti, akachungulia. Aliona magurudumu ya gari lao. Aliona viatu vikubwa vya Mpishi, na viatu vya Mwalimu vilivyopinda visigino. Akavuta pumzi apige kelele, ikatoka sauti nyembamba kama mlango unaosukumwa na upepo. Hakuna kiatu kilichogeuka.

Kisha jozi nyingine ya viatu ikapita mbele ya kidirisha. Raba za kijivu. Ya kushoto ilikuwa na kamba nyekundu, kwa sababu kamba yake ya asili ilikatika mwezi uliopita na mtoto ndiye aliyechagua nyekundu.

Dereva akatazama miguuni pake. Kamba nyekundu.

Akatazama tena nje. Kamba nyekundu.

"Maji haya hapa," sauti yake mwenyewe ilisema huko juu. "Twendeni, giza linaingia."

"Ulitema?"

Swali lilitoka nyuma yake, kati ya mapipa. Sauti ya mwanamume, kavu, inakwaruza.

"Nani huyo?" Dereva alinong'ona kwa shida.

"Ulitema?"

"Nilitema. Mimi ndiye ninayeendesha."

"Na mimi nilikuwa naendesha. Nilimleta bwana harusi na wenzake." Nyuma ya sauti ile Dereva akasikia pumzi nyingine, nyingi, huku na huku. "Wao walikunywa, wakaenda zao wakiimba. Humu hakuna mlevi hata mmoja."

"Yule nje ni nani?"

"Ni wewe, bila mate. Wangu alikwenda kwa mke wangu."

Dereva alimuona mtoto. Alimuona kabisa, mlangoni kwa bibi, akinyoosha mkono ulioumwa na mbu, na kile kitu kikiinama na kulamba kidole kikavu.

"Natokaje?"

"Atemee mwingine juu ya mate yako, kabla chungu hakijamwagwa kwenye pipa. Huwa anamwaga jua likizama." Sauti ikasogea nyuma. "Changu kilimwagwa zamani. Maji yakimwagika hayazoleki, dada yangu."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole juu ya mizabibu.

Huko nje Kidoti alikuwa anacheka. "Dada, mbona sauti imekukauka hivyo? Umechoka wewe. Lete funguo, leo naendesha mimi."

"Umekunywa," Mwalimu alisema.

"Nimekunywa nini? Nyinyi ndio mnaokunywa, mimi naongea. Na hii ya mwisho naitema, mnione. Anayeendesha hamezi."

"Onja, mwanangu," yule mwanamke akasema. "Onja."

Dereva akashika nondo kwa mikono miwili. Funguo zilirushwa, hazikudakwa, zikaanguka mchangani hatua moja kutoka kidirishani. Kidoti akaja kuziokota. Akachuchumaa. Uso wake ulikuwa pale, karibu kabisa, mashavu yamejaa mvinyo, doa lake kidevuni. Alikuwa anajizuia kucheka asije akamwaga.

Ilihitajika kidogo tu. Amguse. Amfinye kama walivyofinyana utotoni walipokuwa wakilala kitanda kimoja. Kidoti angeshtuka, angemeza, na mambo yangeishia hapo.

Dereva akapitisha mkono katikati ya nondo. Vidole vilikaribia kiwiko cha mdogo wake.

Mama, mbu ameniuma.

Kesho kweli?

Mkono ukarudi ndani.

Hakuna aliyeuvuta. Aliurudisha mwenyewe, na alijua anachofanya.

Kidoti alikaa vile kwa pumzi moja, macho yake yakitazama giza la kidirisha. Kisha akaokota funguo, akainuka. Mfuniko wa chungu ukalia.

Akatema.

Dereva alijikuta amesimama uani, dumu mkononi, mdomo umejaa mate mpaka akakohoa. Mpishi akampiga mgongoni, akamuuliza kama yuko salama. Aliitikia kwa kichwa. Mwanamke wa aproni alikuwa tayari anashuka ghalani na chungu chake, polepole, asimwage.

"Twendeni," Kidoti alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Gari lilipogeuka, Dereva alitazama nyuma mara moja tu. Kwenye kidirisha, katikati ya nondo, palikuwa na vidole. Jua likazama. Na yeye hakusema kitu. Angeweza kusema. Wangeweza kurudi. Alinyamaza kwa sababu kesho alikuwa na ahadi.

Hawakupiga kambi usiku ule. Kidoti aliendesha moja kwa moja hadi nyumbani, hakukosea kona, hakuomba maji, hakusema neno. Mwalimu alimsifu kwamba amekua.

Kesho yake mtoto aliletwa kutoka kwa bibi, akapakwa mate, akalala na mama yake kama alivyoahidiwa. Dereva alimkumbatia mpaka asubuhi, akilia kimya kimya, na kupitia ukutani hakusikia hata kukoroma kwa mdogo wake, yeye ambaye zamani walimtania kwamba anakoroma kama jenereta.

Siku zikaenda. Kidoti alikula kidogo, alitabasamu inapobidi, alikwenda kazini na kurudi. Soga zilikwisha. Bilauri ya maji aliyowekewa kando ya kitanda ilijikusanyia vumbi. Bibi alisema ni mapenzi hayo, yatapita. Siku moja ya mapumziko Dereva alichukua gari peke yake, akakitafuta kile kibao, akakiona. Barazani palikuwa na bilauri moja tu.

"Nimemfuata mdogo wangu," alisema.

"Mdogo wako si yuko nyumbani?" yule mwanamke akamjibu kwa upole. Akamsogezea bilauri. "Onja."

Dereva hakuigusa. Chungu kilishamwagwa, alijiambia njia nzima ya kurudi. Kilishamwagwa, ningefanya nini? Ukweli ni kwamba maneno hayo hayakumsaidia kitu. Tangu siku ile kila alipomeza mate alikumbuka ni ya nani.

Mwezi wa pili tangu safari ile ulipoanza, alirudi kutoka zamu mapema, saa kumi na mbili kasoro jioni. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba cha Kidoti ulikuwa wazi kidogo, na harufu ikamfikia ukumbini kabla hajavua viatu.

Mdomo wa siku tatu bila maji.

Mtoto alikuwa amesimama juu ya kigoda, mswaki mkononi, povu la dawa ya meno midomoni. Mbele yake Kidoti ameketi kitandani na chungu kidogo kama kile cha barazani mapajani, amekishika kwa mikono miwili. Miguuni pake pipa dogo, dogo kama la kuchezea, kizibo kimeshatolewa.

"Mama mdogo amesema dawa ya meno haimezwi," mtoto alisema.

"Umetema?" Dereva alinong'ona.

"Nimetema yote."

Mtoto alijikuna mkononi, mahali mbu mwingine alipomuuma. Akalamba kidole gumba, kama alivyoona siku zote, akapaka. Akakitazama kile kidole. Akakilamba tena.

"Mama, mate hayatoki."

Dirishani jua lilikuwa limefika kwenye bati la jirani. Kidoti akainuka na chungu, akakiinamisha juu ya pipa, polepole, asimwage pembeni.

Safari hii Dereva hakufikiri. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akakishika kile chungu kwa pande zote mbili, akakivutia kifuani, akakusanya mate yote aliyokuwa nayo.

Akatema.

Aliona midomo ya mtoto inalowa. Aliona ute unatiririka mpaka kidevuni, na mtoto akiupangusa kwa mkono wa gauni huku akimshangaa. Alitaka kumwambia akimbie kwa bibi. Ulimi ulikuwa umeshagandamana.

Kitu cha mwisho alichosikia kilikuwa sauti yake mwenyewe, kavu, ikisema mle chumbani: "Njoo, mwanangu. Nikupake."

Kisha baridi. Sakafu ya mawe, bomba linalodondosha tone moja moja. Hakuhangaika na ngazi. Akapapasa mpaka akapata kreti, akapanda, akatafuta nondo kwa vidole. Nje giza lilikuwa linaingia, hapakuwa na gari wala kiatu cha mtu. Kutoka juu, mahali fulani, kilisikika chungu kikiinamishwa, na mvinyo wa pipa ukipokea kilichomwagwa.

Akashuka, akaketi chini, mgongo ukutani.

Mtu alikuja kuketi kando yake. Hakumuona, lakini alimjua kwa namna alivyokunja magoti, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakilala utotoni. Dereva alingoja mdogo wake aulize habari za mtoto, au alie, au amtukane.

Kidoti akautafuta mkono wa dada yake gizani. Akaufinya kidogo.

"Niliuona mkono wako, dada," alinong'ona. "Nilidhani utanigusa."